Dean Mahomed: Mhindi aliyewafungulia wakazi wa London mkahawa, akafilisika

MGENI anayezuru jiji la London hatatiziki kupata mapishi ya Bara Hindi. Katika mitaa kama vile Brick Lane, Southall na Tooting, harufu ya bizari, iliki na mdalasini humlaki mpita njia kabla hajauona mlango wa mkahawa.

Hata hivyo, ni wachache wanaomfahamu aliyekuwa Mhindi wa kwanza kufungua mkahawa wa mapishi ya kwao jijini humo, na jinsi alivyoilipia gharama ndoto hiyo.

Sake Dean Mahomed alizaliwa mwaka wa 1759 mjini Patna, kaskazini mashariki mwa India. Babake alikuwa askari katika jeshi la kampuni ya East India, iliyokuwa ikiendesha biashara na utawala wa Waingereza katika eneo hilo. Mzazi huyo alifariki Mahomed akiwa mtoto.

Akiwa na umri wa miaka 10 hivi, alianza kufuatana na afisa mmoja mwenye asili ya Ireland, Kapteni Godfrey Evan Baker. Alilitumikia jeshi hilo hadi Baker alipojiuzulu mwaka wa 1782. Mahomed naye aliamua kuondoka, na mwaka wa 1784 wawili hao waliwasili mjini Cork, nchini Ireland.

Huko alijifunza Kiingereza, akampenda binti kwa jina Jane Daly. Mwaka wa 1786 walitoroka pamoja na kufunga ndoa. Mwaka wa 1794 alichapisha kitabu kuhusu safari zake, akawa Mhindi wa kwanza kuchapisha kitabu alichokiandika kwa lugha ya Kiingereza.

Baada ya miaka zaidi ya 20 nchini Ireland, alihamia London na familia yake. Mnamo 1810 alifungua mkahawa katika barabara ya George Street, karibu na Portman Square, na kuuita Hindoostane Coffee House.

Licha ya jina lake, kahawa haikuwa shughuli kuu ya mkahawa huo. Wateja waliketi kwenye viti vya mianzi, wakaandaliwa wali na michuzi yenye viungo vya India. Palikuwa pia na chumba cha kuvutia tumbaku kwa viko vya maji, mfano wa shisha za siku hizi.

Si kwamba mchuzi wa bizari ulikuwa kitu kigeni kabisa London. Mikahawa ya Waingereza ilikuwa imeanza kuuuza tangu miaka ya 1770. Tofauti ni kwamba Mahomed aliandaa mapishi ya nyumbani kwao, katika mazingira ya nyumbani kwao.

Aliowalenga hasa ni Waingereza waliotajirika India kisha wakarejea kwao na hamu ya vyakula walivyovizoea. Mtaa ule ulikuwa na wengi wa aina hiyo.

Hapo ndipo hesabu zilipomwendea kombo. Wengi wa matajiri hao walikuwa na wapishi majumbani waliojua mapishi hayo, hivyo hawakuwa na haja kubwa ya kutoka kwenda kuyanunua. Nao wakazi wa kawaida hawakuwa na mazoea ya kula vyakula hivyo. Mtaji wa Mahomed haukutosha kumvusha hadi wateja waongezeke.

Mwaka wa 1812 alitangazwa kuwa amefilisika. Mwaka uliofuata, mtu huyu aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 50 na familia ya kulisha alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya utumishi katika nyumba za matajiri.

Hakukata tamaa. Alihamia Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, akaanzisha bafu za mvuke pamoja na huduma ya kukanda mwili kwa mtindo wa India. Neno shampuu, ambalo sasa hutumiwa kwa sabuni ya nywele, lina asili yake katika neno la Kihindi lenye maana ya kukanda. Sifa zake zilivuma hadi akateuliwa kuwahudumia wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne.

Mahomed aliaga dunia mjini Brighton mwezi wa Februari, 1851, akazikwa katika uwanja wa kanisa la St Nicholas.

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Katika biashara ya mikahawa, Mahomed alichumia juani, na waliokula kivulini wakawa wengine. Karne ya 20 ilileta wahamiaji wengi, wakiwemo mabaharia kutoka Sylhet, katika Bangladesh ya sasa, ambao walifungua mikahawa kila pembe ya London.

Ni mwaka wa 2005 tu ambapo kibao cha kumbukumbu kiliwekwa George Street, pale mkahawa wake ulipokuwa, takriban miaka 195 tangu aupakue mchuzi wake wa kwanza.