Nana Asma'u: Bibi aliyetambua mpaka wa dini na mila

Leo tunayatazama maisha ya Nana Asma'u, binti wa Sheikh Uthman dan Fodio, mwanachuoni aliyeasisi Dola ya Sokoto katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Nigeria. Maisha yake yanatufunza kwamba mengi tunayoyadhani kuwa ni hukumu ya dini juu ya mwanamke, asili yake ni mila za watu.

Asma'u alizaliwa mwaka 1793. Zama hizo wanavyuoni wengi wa Kihausa walisomesha wanafunzi wao ilhali wake na mabinti zao wakibaki katika ujinga wa fardhi, kazi yao ikiwa ni kuhudumu nyumbani. Sheikh Uthman aliwakemea kwa hilo, akawasomesha binti zake. Asma'u akabobea, akatunga mashairi kwa Kifulani, Kihausa na Kiarabu. Aliolewa na Gidado, aliyekuja kuwa Waziri wa Sokoto, akazaa na kulea huku akisomesha.

Wake wengi wa vijijini walitawishwa majumbani, hawakuweza kumfuata. Kwa hiyo, katika miaka ya 1830, Asma'u aliwatumia wale ambao ada iliwaruhusu kutembea, yaani wanawake watu wazima na wasichana wadogo. Walioitwa 'Yan Taru walisafiri hadi kwake wakiongozwa na kiongozi aitwaye jaji, wakahifadhi mashairi ya mafunzo, kisha wakarejea kuwasomesha wenzao.

Kila jaji alivishwa malfa, kofia pana ya kusuka. Awali kofia hiyo ilikuwa alama ya Inna, kiongozi wa wanawake wa bori, ibada ya pepo katika nchi ya Gobir. Asma'u aliifunga kitambaa chekundu, ikawa alama ya mwalimu wa Kiislamu. Alijua kuwa jamii yake ilikwishazoea kumheshimu mwanamke mwenye kofia ile.

Hata hivyo, si kila daraja liliondoka. Sokoto iliendelea kuwa na watumwa wengi, na wajakazi ndio waliowapunguzia mabibi kazi za nyumbani.

Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, na 'Yan Taru wamedumu hadi zama zetu. Basi mzazi anayemwachisha binti yake masomo kwa jina la dini, na ajiulize kwanza: je, hiyo ni dini, au ni mazoea ya mababu? Wallahu aalam.