Fundi Seremala wa Billund

Mtoto akipewa matofali madogo ya plastiki, hupachika moja juu ya jingine, mpaka apate gari la zimamoto la kizamani, lenye ngazi yake na kengele. Hapa Mhunze watoto wetu huunda magari kwa mabua ya mtama, wala furaha yao si haba. Lakini fundi ambaye kiwanda chake kilitoa matofali hayo aliujua moto kuliko wengi, naye alikuwa Mlutheri kama sisi.

Jina lake Ole Kirk Christiansen, aliyezaliwa mwaka 1891 katika nchi ya Denmark. Mwaka 1916 alinunua karakana katika kijiji cha Billund, akawa akiwajengea watu nyumba. Alikuwa mcha Mungu, wa chama cha uamsho kiitwacho Indre Mission. Mwaka 1924 wanawe wawili, wangali wadogo sana, waliwasha maranda ndani ya karakana. Ikateketea pamoja na nyumba ya kukaa. Akajenga tena, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kisha ikaja shida ya fedha ulimwenguni, hata wakulima wakakosa cha kujengea. Mwaka 1932 akaanza kuchonga vitu vya watoto vya kuchezea. Mwaka huo huo mkewe akafariki, akamwachia wana wanne.

Siku moja mwanawe Godtfred alimpasha habari kwa furaha kwamba ameokoa fedha: wale bata wa mti amewapaka vanishi mara mbili, si mara tatu kama desturi, na shehena iko stesheni tayari. Baba hakumsifu. Alimwamuru awarudishe wote, awapake mara ya tatu, awafunge upya na kuwapeleka tena, usiku ule ule, peke yake. Nani kati ya wanunuzi angaliligundua jambo hilo? Labda hakuna.

Mwaka 1942 kiwanda kikaungua, na vielelezo vyote vya kazi ndani yake. Alifikiri kuacha, lakini akawakumbuka wafanya kazi wake, akajenga tena.

Matofali ya plastiki yalianza kutoka mwaka 1949, kwa kufuata mfano wa Mwingereza Hilary Fisher Page. Hayakushikana vema. Januari 1958 Godtfred aliandikisha namna mpya, yenye vibomba ndani, nayo yakakazana. Mwezi Machi baba yake akalala katika Bwana.

Mwaka 1960 moto wa tatu uliteketeza ghala la vitu vya mti. Godtfred akaacha kazi ya mti, akashika matofali tu.