Gor Mahia: Mtu Kabla ya Timu

Sisi watu wa Pwani tulilijua jina la Gor Mahia kutoka viwanjani. Tulilisikia redioni, tukalizomea timu hiyo ilipopambana na Feisal au Mwenge, na mwaka 1987 hata wasiojali kandanda walifurahi ilipoletea Kenya Kombe la Washindi la Afrika. Lakini huyo Gor mwenyewe alikuwa nani? Ni wachache waliouliza.

Kwao ni Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika Homa Bay ya leo. Alikuwa mwana wa Ogada, na lile jina la K'Ogalo wanaloimba mashabiki latokana na ukoo wake. Mahia kwa Kijaluo ni maajabu. Lakabu hiyo aliipata kwa uganga wake. Alifariki mwaka 1920. Timu ilizaliwa 1968.

Nilipata kumjua zaidi katika ukumbi wa shule mjini Homa Bay, ambako kundi moja la waigizaji watembezi lilionyesha maisha yake kwa nyimbo. Kijaluo sikijui. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akawa mkalimani wangu, Mungu amjazi kheri. Pembeni aliketi mpiga nyatiti. Chombo hicho kina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akawa aigonga kwenye ubao huku vidole vya mikono vikicheza nyuzini. Mtu mmoja, kazi ya wawili. Aliyezoea udi wa taarabu atastaajabu.

Gor wa jukwaani hakukamatika. Maafisa wa Kiingereza wakija kumtafuta, wamkuta kikongwe. Wakirudi, wamkuta ndama. Watu walicheka hadi machozi. Ndivyo visa vyake vinavyosimuliwa, wala simlazimishi msomaji kuviamini. Dini yetu ina neno lake juu ya uchawi. Hata hivyo, mchezo ulipita haraka mahali ambapo ningependa utue. Nchi jirani ya Kisii ilipelekewa majeshi mwaka 1905 na tena 1908, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa. Kwa waliozisikia habari hizo zikivuma ng'ambo ya vilima, mkubwa ajuaye kumkwepa mwenye bunduki bila kuinua mkuki hakuwa kichekesho hata kidogo.

Siku ya pili niliwafuata Migori. Mji ule una Wajaluo, Wakuria, Wasomali na Waswahili, basi waigizaji wakatia Kiswahili kingi. Mizaha mingi ilikufa hapo hapo. Ikawabidi waeleze Kanyamwa ni wapi, na kwa nini neno la Gor lilisikilizwa. Kwa kueleza huko, yule wa kugeuka ndama akapungua, na mzee wa watu akaonekana, amekaa, anafikiri la kufanya. Onyesho la Migori ndilo lililonipendeza zaidi, ijapokuwa makofi yalikuwa haba na uzi mmoja wa nyatiti ulikuwa umekatika njiani.