Robert Koch, daktari aliyetaka kumwona mdudu kwanza

Mwaka jana niliambiwa nina taifodi mara tatu. Zahanati moja jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, tone la damu, dakika chache, dozi mkononi. Mara ya tatu nikaanza kumsoma Koch, maana nilitaka kujua mtu anajuaje kilichomo tumboni mwa mwenzake.

Jamaa alizaliwa Ujerumani 1843, akaanza kama daktari wa wilaya huko mashambani. Mwaka 1883 alitumwa Alexandria kufuata kipindupindu. Wafaransa nao walikuwepo, na kijana wao Louis Thuillier akafa kwa ugonjwa huohuo. Koch alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Hakurudi nyumbani, akaunganisha hadi Calcutta. Huko alichukua utumbo wa maiti na choo cha wagonjwa, akatandaza kidogo juu ya rojo lililoganda kwenye kioo, akasubiri. Kila mdudu huota fungu lake. Kwa wagonjwa wa kipindupindu akawa anaota yuleyule, aliyepinda kama alama ya mkato. Pacini wa Italia alishamwona 1854, ila hakuna aliyemsikiliza. Koch alimtenga, akamwotesha peke yake, na mpaka leo kipindupindu kinathibitishwa maabara kwa kuotesha choo.

Dar es Salaam hii aliishi na kufanya kazi 1898, akitafiti malaria. Baadaye, huko kwao, timu yake ilikuta watu wazima kabisa, hata homa hawana, wanatoa wadudu wa taifodi chooni.

Malaika hakuwa. Visiwani Sese, Uganda, 1906 hadi 1907, aliwapa wagonjwa wa malale dawa yenye sumu ya aseniki, na baadhi wakapofuka. Mimi hilo silipiti haraka, ingawa vitabu vingi hulipita. Alifariki 1910.

Sasa kile kipimo changu cha haraka, kinaitwa Widal, cha tangu 1896. Kumbe mdudu hakimtafuti! Kinatafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza kupambana naye, na kinga hizo zinaweza kuwa za homa ya zamani, au zimechokozwa na mdudu mwingine.

Mara ya nne nikauliza kama wanaotesha damu. Mhudumu akacheka, akaniambia kwa hilo niende hospitali kubwa, na nijiandae kusubiri siku kadhaa. Nikaenda kabla sijameza kidonge chochote. Siku ya tano majibu yakatoka: hakuna kilichoota.