Berzelius, yatima wa Sweden aliyeweka hesabu ya atomu ndani ya herufi

Kwa miaka mingi malori yenye matangi ya asidi ya salfa yamekuwa yakivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, yakielekea viwanda vya shaba vya Katanga. Mengine hutoka upande wa Kongo na unga wa kobalti. Asidi hiyo huandikwa H₂SO₄, na kiini cha unga huo Co(OH)₂. Aliyeanzisha uandishi wa namna hii ni Jöns Jacob Berzelius, aliyefariki Stockholm tarehe 7 Agosti 1848.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1779 huko Väversunda, kusini mwa Sweden. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo, mama naye akafuata miaka michache baadaye. Alilelewa na baba wa kambo, kisha mjomba, na alipata pesa za masomo kwa kufundisha watoto wa watu wengine. Alisomea udaktari Uppsala, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia, ile ambayo wanafunzi wa Katanga huiita shimi.

Wakati huo John Dalton wa Uingereza alikuwa ameeleza kwamba kila elementi ina atomu zenye uzito wake, akazichora kama viduara vyenye alama ndani. Kuvichapa kitabuni kulikuwa kazi ngumu. Kunako mwaka 1813 na 1814, Berzelius alipendekeza herufi za majina ya Kilatini. Shaba, cuprum, ikawa Cu. Tarakimu ilionyesha idadi ya atomu. Yeye aliiweka juu ya herufi. Wajerumani ndio walioishusha chini baadaye. Dalton hakuupenda mtindo huo hadi kufa.

Kuhesabu ni hivi: herufi isiyo na tarakimu ni atomu moja, na tarakimu iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani. H₂SO₄ ina haidrojeni 2, salfa 1 na oksijeni 4, jumla atomu 7. Malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga, ni Cu₂CO₃(OH)₂: shaba 2, kaboni 1, haidrojeni 2, na oksijeni 5, kwa sababu 3 ziko mbele na 2 zimo mabanoni. Hizo mbili ndizo wanafunzi wengi husahau.

Kosa hilo haliishii darasani. Co(OH)₂ ikiwa safi, kilo 100 zina karibu kilo 63 za kobalti. Anayesahau ile 2 ya nje ya mabano atapata karibu kilo 78. Hizo kilo za ziada hazimo ndani ya gunia lolote.

Lakini hesabu hiyo inahitaji pia uzito wa kila atomu, na hapo ndipo Berzelius alipotoa jasho. Kwa takriban miaka 10 alipima michanganyiko karibu 2,000, mara nyingi kwa vyombo alivyojitengenezea. Msaidizi wake alikuwa Anna Sundström, mtumishi wa nyumbani aliyeingia kwake mwaka 1808 na kujifunza kazi ya maabara mpaka akaijua vizuri. Aliondoka mwaka 1836, Berzelius alipokuwa amekwisha kuoa. Vitabu vingi humpita bila kumtaja.

Dalton alihesabu haidrojeni moja ndani ya maji. Berzelius alitazama ujazo wa gesi, akahesabu mbili. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwaka 1817, katika kiwanda cha asidi ya salfa cha Gripsholm ambamo alikuwa na hisa pamoja na Johan Gottlieb Gahn, walikuta tope jekundu. Salfa yao ilitoka kwenye mgodi wa shaba wa Falun. Mwanzoni walidhani ni teluri. Baadaye Berzelius akatambua kuwa ni elementi mpya, akaiita seleni, kutokana na jina la Kigiriki la mwezi.

Hata hivyo alikuwa na ubishi wake. Aliamini kwamba atomu huungana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine hasi, kwa hiyo mbili za aina moja haziwezi kushikana. Ndiyo maana alikataa wazo la Amedeo Avogadro wa Italia, la mwaka 1811, ambalo leo huandikwa O₂ na H₂. Alizeeka akigombana na wakemia vijana wa Ufaransa, huku mfalme wa Sweden akiwa amempa cheo cha baroni.

Miaka 12 baada ya kifo chake, mwaka 1860, wakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Stanislao Cannizzaro alitetea hoja ya Avogadro, na taratibu wengi wakaikubali. Waliiandika kwa herufi za Berzelius.