Edmund Burke: uhuru unahitaji sheria

Edmund Burke alizaliwa Dublin, inchi ya Ayalandi, mwaka wa 1729. Baba yake alikuwa avoka Mprotestanti, mama Mkatolika. Wakati ule Wakatolika wa kule walinyimwa haki mingi, hata ya kupiga kura.

Mwaka wa 1750 akaenda London kusoma sheria, lakini akaiacha na kuanza kuandika vitabu. Kisha akaingia Bunge la Uingereza. Mule alitetea watu wa Amerika walipokataa kodi ya London, akiomba serikali itumie hekima kuliko nguvu.

Mwaka wa 1774 watu wa Bristol wakamchagua. Aliwaambia wazi kama mbunge anafuata zamiri yake na faida ya inchi yote, si kila amri ya wapiga kura. Alipounga mkono biashara ya Ayalandi na haki za Wakatolika, walikasirika. Mwaka wa 1780 akapoteza kile kiti.

Tangu 1788 alimshitaki Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Waingereza kule India, juu ya kudhulumu raia. Kesi ikachukua miaka 7, Hastings akaachiliwa.

Mwaka wa 1790 Burke alilaumu mapinduzi ya Ufaransa, hata marafiki wakamuacha. Aliona kama watu wakibomoa sheria, dini na desturi kwa mara moja, mwishowe mkubwa wa jeshi ndiye atatawala.

Burke alikufa mwaka wa 1797. Miaka 2 kisha, jenerali Napoleon akachukua utawala wa Ufaransa.