Robert Lee Moore na Darasa Lisilo na Kitabu

Robert Lee Moore alizaliwa tarehe 14 Novemba 1882 mjini Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas, kisha akajipatia shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Chicago mnamo 1905. Alifundisha katika vyuo kadhaa, kikiwemo cha Pennsylvania, kabla ya kurejea Texas mwaka wa 1920. Huko alidumu hadi 1969, alipostaafu akiwa na umri wa miaka 86.

Sifa yake kuu ilitokana na ufundishaji. Ilhali desturi ilikuwa mhadhiri aeleze na mwanafunzi anakili, Moore aliligeuza darasa. Aliwapa wanafunzi fasili, kauli za msingi na madai, kisha akawaachia kazi ya kuyathibitisha. Vitabu vilipigwa marufuku, kusaidiana pia. Aliyepata uthibitisho aliuwasilisha ubaoni, nao wenzake wakauhoji hatua kwa hatua hadi usimame au uporomoke. Mara nyingi aliyeitwa kwanza ni yule aliyeonekana mnyonge zaidi, ili naye apate fursa. Ama kweli, kupotea njia ndiko kujua njia. Kwa mbinu hiyo Moore aliwalea wanafunzi 50 wa uzamifu, wakiwemo R. H. Bing na Mary Ellen Rudin, waliokuja kuwa vigogo wa topolojia.

Hata hivyo, mlango wa darasa hilo haukuwa wazi kwa wote. Hata baada ya chuo hicho kuanza kuwapokea Wamarekani weusi katika masomo ya juu mnamo 1950, Moore aliwakataa. Vivienne Malone-Mayes alizuiwa kuingia darasani mwake, ila alihitimu uzamifu wa hisabati chuoni humo humo mwaka wa 1966.

Kinaya ni kwamba John Robert Kline, mwanafunzi wa Moore, ndiye aliyewasimamia Dudley Woodard (1928) na William Claytor (1933) huko Pennsylvania. Hao ni miongoni mwa Wamarekani weusi wa kwanza kupata uzamifu wa hisabati.

Moore alifariki tarehe 4 Oktoba 1974. Jina lake liliondolewa kwenye jengo la chuo mnamo 2020, lakini mbinu yake ingali hai, na wengi waliyoirithi huwaruhusu wanafunzi kushirikiana. Moore aliamini kwamba akili ya mwanafunzi inaweza kujivumbulia ukweli. Alichokosa ni kuiamini akili ya kila mwanafunzi.